BSA B31 ya 1951: kutoka kiki ya kwanza hadi kilomita 80 barabarani

3 Februari: Injini imefungwa, bado haijawashwa

Pikipiki ni BSA B31 ya mwaka 1951. Silinda moja, cc 348, kipenyo cha silinda mm 71 na mwendo wa pistoni mm 88, gia nne, umeme wa volti 6. Aina hii ilitengenezwa Birmingham, Uingereza, kuanzia 1945 hadi 1959, na nimeipenda tangu nilipoona mara ya kwanza jinsi kila kitu chake kinavyofunguka kwa spana na kuonekana kwa macho.

Kazi ya fremu, magurudumu na rangi imekwisha, sitairudia hapa. Injini nayo imefungwa: pistoni na ringi mpya, beringi mpya ya konrodi (fimbo inayobeba pistoni), mirija mipya ya kuongozea vali, vali zimesagwa mpaka petroli haipiti. Kabureta ni Amal yenye chemba ya floti ya pembeni. Nimeichemsha kwenye maji na sabuni, nikapuliza kila tundu. Kilichobaki ni kuiwasha na kuiendesha. Nilidhani ni kazi ya wikiendi moja. Ilikuja kuchukua karibu miezi mitatu, na makosa karibu yote ni yangu. Ndiyo maana nayaandika kwa urefu kuliko yale yaliyokwenda sawa.

10 Februari: Oili haikurudi

Oili ya B31 haikai chini ya injini. Inakaa kwenye tangi lake la pembeni. Pampu ya gia iliyo chini ya injini ina kazi mbili: upande mmoja unasukuma oili kwenda kwenye beringi ya konrodi, upande wa pili unafyonza iliyodondoka chini na kuirudisha tangini. Ukifungua kifuniko cha tangi injini ikiwa inazunguka, unaiona ikirudi kwa kupigapiga, imechanganyika na mapovu, kwa sababu upande wa kufyonza una nguvu kuliko upande wa kusukuma. Hicho ndicho kipimo cha kwanza cha injini hii, kabla ya petroli na kabla ya moto wa plagi.

Nilitoa plagi ili kiki iwe nyepesi, nikamimina oili kidogo kupitia njia ya fito za vali ili pampu ipate cha kufyonza, nikaanza kupiga kiki. Kiki 30, hakuna kitu. Kiki 60, hakuna. Nilipumzika, nikapiga 40 nyingine. Tangi limetulia kama kisima.

Hapo ndipo ningeweza kufanya kosa kubwa zaidi, yaani kusema "itarudi ikishawaka". Nashukuru sikusema hivyo. Nilifungua kibamba cha chini ya injini, kile chenye nati nne na chujio la wavu. Ilimwagika oili kama kikombe kizima. Maana yake upande wa kusukuma ulikuwa mzima, ila kilichoshuka hakikuwa kinapanda tena.

Ndani ya bomba fupi la kufyonzea kuna gololi ndogo ya chuma inayofanya kazi ya vali. Kwa injini ya aina hii iliyokaa miaka, gololi hiyo huweza kuganda mahali pake. Yangu haikuganda kwa uzee. Ilinaswa na uzi mwembamba wa silikoni, ile niliyopaka mimi mwenyewe nilipofunga kasha la injini. Nilipaka nyingi, nikafurahi kuona imejitokeza nje vizuri pande zote. Sikufikiria kwamba ikijitokeza nje imejitokeza na ndani pia, na ya ndani huna kitambaa cha kuifuta.

Marekebisho: waya mwembamba wenye ncha butu, unasukuma gololi juu taratibu na kuiachia. Ikiwa nzima unaisikia ikigonga inaporudi. Yangu ilianza kugonga baada ya kutoa vipande vitatu vya silikoni kwa koleo ndogo. Kisha nilifungua kifuniko cha upande wa gia za taimingi, nikakuta vingine viwili, nikasafisha vyote kwa mafuta ya taa, nikafunga upya kwa gasketi ya karatasi iliyopakwa grisi tu.

Baada ya hapo oili ilionekana tangini kwenye kiki ya 22.

Gharama: saa 9, gasketi mbili, oili ya tangi zima (sikutaka kurudisha oili yenye vipande vya silikoni). Anayefuata njia hii apake silikoni kama anayepaka rangi ya kucha, au asiipake kabisa.

17 Februari: Kiki iliyorudi

Hii ndiyo siku ninayotaka msomaji aisome mara mbili.

B31 yangu ina wenzo wa taimingi, yaani wa kupanga wakati cheche ya plagi inaporuka, kwenye usukani. Ukiuvuta upande mmoja moto unawahi, upande mwingine unachelewa. Kwa kuwasha unauchelewesha, kwa mwendo unauwahisha. Taimingi yenyewe inapigwa wenzo ukiwa umewahishwa mpaka mwisho: pointi (vigusio vinavyokata umeme ili cheche itoke) za magneto, kifaa kinachotengeneza umeme wa plagi, zianze kufunguka pistoni ikiwa mm 11 (inchi 7/16) kabla ya kufika juu kabisa.

Nilipima mm 11 kwa uangalifu mkubwa. Kosa halikuwa kwenye kipimo, lilikuwa kwenye wenzo. Pikipiki niliyoitengeneza kabla ya hii, waya wa taimingi ukilegea moto unawahi, kwa hiyo nilichukulia kwamba na hii ni hivyohivyo. Sivyo. Kwenye magneto hii waya ukilegea moto unachelewa. Nilipiga taimingi yote ya mm 11 wenzo ukiwa umecheleweshwa, nikiamini umewahishwa.

Matokeo yake ni haya. Nilipotaka kuwasha "nikauchelewesha" wenzo, kumbe nimeuwahisha. Moto ukawa unawaka mapema mno, pistoni ikiwa bado iko mbali na juu. Kiki ya kwanza na ya pili hazikufanya kitu. Ya tatu injini iliwaka kinyumenyume na kiki ikarudi kwa nguvu ambayo sijawahi kuipata kwenye mashine yoyote. Mguu ulirushwa, goti likapiga usukani, kifundo kikavimba palepale.

Mdogo wangu, aliyekuwa ameshika taa, aliniambia, "Kaka, basi. Leo imetosha." Nilitaka kujaribu tena. Alitoa plagi, akaitia mfukoni mwake, akaondoka nayo. Alifanya vizuri.

Gharama: siku 10 bila kukanyaga vizuri. Tangu siku hiyo sipigi kiki bila buti inayofunika kifundo.

2 Machi: Taimingi upya, kwa kutazama

Nilianza kwa kufungua kifuniko cha pointi na kutazama. Huna haja ya kubahatisha waya uko upande gani. Zungusha injini kwa gurudumu la nyuma, gia ya nne, plagi ikiwa nje, uone amecha ya magneto (sehemu yake inayozunguka) inazungukia wapi. Kisha sogeza wenzo na utazame ringi ya kamu, ile inayofungua pointi. Ringi ikienda kinyume cha mzunguko wa amecha, pointi zinafunguka mapema: huko ndiko kuwahi. Ikifuata mzunguko, ni kuchelewa. Inachukua nusu dakika. Nilipiga alama mbili za rangi kwenye usukani, nyekundu ya kuwahi na nyeupe ya kuchelewa.

Ilibidi pia kuanza taimingi kutoka mwanzo. Gia ya magneto imekaa kwenye mhimili uliochongoka, haina kipini cha kuizuia. Nati peke yake ndiyo inayoibana. Kiki ile iliyorudi ilikuwa imeitelezesha.

Utaratibu nilioufuata: nafasi ya pointi inchi 0.012 kwa fila geji. Fimbo ya alumini kwenye tundu la plagi, alama ya kwanza pistoni ikiwa juu kabisa, alama ya pili mm 11 juu yake. Rudisha injini nyuma mpaka upite alama, kisha uje mbele taratibu mpaka alama ifike, ili ulegevu wa gia uishie upande mmoja. Karatasi nyembamba ya sigara kati ya pointi: inapoanza kuteleza ukiivuta kidogo, pointi ndiyo kwanza zinafunguka. Bana nati.

Kinachosumbua ni hapo kwenye kubana. Nati inapokaza, gia inajizungusha kidogo na kazi yote imeharibika. Nilirudia mara saba. Mara ya sita ilikuwa mm 12 nikatamani kuiacha, lakini kifundo kilikuwa bado kinauma, nikafungua tena. Ya saba ilikuwa 11 kamili, na baada ya kuzungusha injini mizunguko kumi ikabaki 11.

9 Machi: Imewaka

Betri sikuifunga. Magneto inajitengenezea umeme wake, na siku ya kwanza nilitaka vitu vichache iwezekanavyo vya kutiliwa shaka.

Petroli wazi, nikabonyeza kipini cha floti mpaka kabureta ikatoa jasho, choki imefungwa, wenzo kwenye alama nyeupe. Nikasukuma kiki taratibu mpaka injini ikakaza, nikavuta wenzo wa kunyanyua vali ya ekzosi, nikaivusha kidogo ule mkazo, nikaachia, nikarudisha kiki juu. Kisha kiki moja ndefu mpaka chini, bila pupa.

Ya kwanza ilikohoa. Ya pili iliwaka.

Sijui namna ya kuandika sauti ile. Ni mapigo ya silinda moja kubwa, unayahesabu, na kila pigo unalihisi kwenye nyayo kupitia sakafu. Kwa miezi 14 vitu hivi vilikuwa vipande kwenye makopo yenye majina. Nilisimama nikiwa nimeshika resi na machozi yananilenga, mdogo wangu anapiga kelele "oili! tazama oili!" kwa sababu ndivyo tulivyokubaliana. Kifuniko cha tangi kilikuwa wazi na oili ilikuwa inarudi.

Moshi wa buluu ulikuwa mwingi dakika tatu za kwanza, ni ile oili niliyopaka kwenye silinda wakati wa kufunga, kisha ukapungua. Uvujaji ulikuwa mmoja tu, kwenye kifuniko cha roka (mikono inayosukuma vali). Mzunguko wa injini bila kuvuta resi ulikuwa wa juu, nikaushusha kwa skrubu ya resi.

Dakika ya 12 injini ilianza kumisi, ikazima. Kiki 30 zikaingia bure. Nilichomoa plagi: imelowa petroli, na moto wake ni wa njano, mwembamba, huku pointi zenyewe zikirusha cheche. Niliiacha saa moja. Ilipopoa iliwaka kwa kiki moja. Dakika 11, ikazima tena.

Ikiwaka baridi na kufa ikipata moto, mara nyingi hiyo ni kondensa ya magneto, kile kifaa kidogo cha umeme kinachozuia pointi zisirushe cheche. Imo ndani ya amecha, na yangu ilikuwa ileile ya tangu zamani. Nilipoifungua magneto mwaka jana nilibadilisha beringi na kuiacha kondensa kwa sababu ilipima vizuri. Ilipima vizuri ikiwa baridi juu ya meza.

23 Machi: Magneto mezani, na kosa jingine

Kabla ya kuchomoa amecha ya magneto ya Lucas unatoa vitu vitatu: kaboni ya waya wa plagi, kaboni ya ardhi, na skrubu ya usalama inayoingia ndani ya mwili wa magneto ikielekea kwenye slipringi (ringi ya amecha inayopitisha umeme wa plagi). Nilitoa viwili. Skrubu ya usalama ilikuwa imefunikwa na rangi niliyoipulizia mwenyewe, sikuiona, na kumbukumbu ya mwaka jana ikanisaliti. Nilivuta, ikakwama, nikagonga kidogo kwa nyundo ya mpira. Ukingo wa slipringi ukapasuka.

Kwa hiyo kondensa ndogo imegeuka kuwa kondensa, slipringi mpya, na wiki mbili za kusubiri. Jambo moja nililolifanya sawa: amecha ilipotoka niliweka kipande cha chuma kuunganisha ncha za sumaku ndani ya mwili wa magneto, ili sumaku isipungue nguvu.

Kabla ya kuirudisha kwenye injini niliijaribu kwa joto. Niliipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka mkono haukuweza kuishika, nikaizungusha kwa vidole: moto wa buluu, unaruka mm 6 bila kusita. Jaribio hili lingenichukua robo saa mwaka jana.

Gharama: kondensa, slipringi, saa 14. Taimingi ilibidi ipigwe tena; safari hii mara tatu tu.

7 Aprili: Imewaka ikiwa ya moto

Dakika 20 mfululizo, nikazima, nikahesabu mpaka mia, kiki moja, ikawaka. Nikarudia mara nne.

Ilipopoa kabisa usiku nilikaza upya nati za hedi (kichwa cha silinda). Zote zilikuwa zimelegea, mbili kati yake karibu robo mzunguko, gasketi imejikalia. Baada ya hedi kukaza nafasi za vali hubadilika, kwa hiyo nilizipima upya: inchi 0.003 zote mbili, injini ikiwa baridi. Ya ekzosi ilikuwa haina nafasi hata kidogo. Ningeendesha hivyo vali ingeungua.

14 Aprili: Safari ya kwanza

Gia iko mguu wa kulia, breki ya nyuma iko mguu wa kushoto. Ni kinyume cha pikipiki za leo, na nilijua. Siku tatu kabla nilikuwa nakaa juu yake injini ikiwa imezimwa, nasema kwa sauti "breki" na kukanyaga, "gia" na kukanyaga. Bado haikutosha, nitaeleza.

Klachi ilikuwa imegandamana kwa kukaa. Dawa ni kuishika klachi na kupiga kiki mara kadhaa kabla ya kuwasha, mpaka kiki inateleza bila kuzungusha injini. Ukiiacha, gia ya kwanza inaingia kwa kishindo na pikipiki inaruka.

Upepo kwenye matairi, nati za ekseli, waya wa breki ya mbele. Gia ya kwanza, klachi taratibu, na ikaondoka.

Mita 300 za kwanza nilikwenda gia ya kwanza na ya pili tu, nikageuka, nikarudi, nikashuka, nikakagua kila nati. Hakuna kilicholegea isipokuwa usukani: ulikuwa na mchezo kwenye beringi za shingo, nikikamata breki ya mbele unagonga. Nikaukaza. Breki yenyewe ni dramu ya inchi 7 yenye laininga mpya, na laininga mpya haishiki mpaka isuguane na dramu mara nyingi. Nilipanga nafasi ya kusimama mara mbili ya niliyozoea, na niliihitaji.

Mzunguko wa pili, kwenye kona, nilitaka kushusha gia na mguu wa kushoto ukafanya kazi yake ya miaka yote: ukakanyaga. Gurudumu la nyuma likafunga, likateleza kama mita moja. Nilikuwa kilomita 25 kwa saa na barabara kavu, haikuanguka. Anayejaribu asiende mahali penye magari mpaka miguu yake imesahau.

Kisha nikaenda mbali zaidi. Kwenye kilomita ya 4 ikaanza kukosa nguvu, ikamisi, ikazima. Moyo ulishuka, nikafikiri ni magneto tena. Lakini plagi ilikuwa kavu. Nilipofungua kifuniko cha tangi la petroli kilivuta pumzi, fsss, na kabureta ikajaa. Tundu la hewa la kifuniko lilikuwa limezibwa na rangi. Rangi yangu, mara ya pili. Pini ya kushonea ikalizibua palepale barabarani, nikarudi nyumbani gia ya nne, kilomita 50 kwa saa, resi chini ya nusu, injini inapiga kwa utulivu na upepo wa jioni kifuani. Sikutaka kufika.

28 Aprili: Kilomita 80, na oili iliyoshuka

Pikipiki ilikaa wiki mbili bila kuwashwa. Nilipoiwasha ilitoa moshi mweupe mzito kiasi cha kufunika ukuta, na nilipofungua kifuniko cha tangi la oili nikaona kiwango kimeshuka sana. Oili inapenya pampu taratibu na kujikusanya chini ya injini. Nilizima mara moja, nikamwaga kutoka chini: zaidi ya nusu lita.

Wengi hufunga koki kwenye bomba la oili ili kuizuia. Sitaifunga. Siku moja utasahau kuifungua, na injini itakwenda kavu dakika chache tu kabla beringi haijafa. Naona heri kumwaga oili chini kila pikipiki ikikaa zaidi ya wiki, kazi ya dakika kumi, au kuiendesha mara nyingi zaidi.

Hali ya leo: kilomita 80. Plagi ina rangi ya kahawia iliyokolea kidogo, kwa hiyo nimeshusha sindano ya kabureta ngazi moja. Nati za hedi nimekaza mara ya pili, safari hii hazikusogea. Breki ya mbele imeanza kushika. Kifuniko cha roka bado kinavuja tone moja moja. Gasketi mpya nimekata, naifunga kesho. Oili naimwaga yote kwenye kilomita 150 na kutazama kilichomo kwenye chujio. Mpaka kilomita 800 sitavuka kilomita 60 kwa saa wala kuipandisha mlima mrefu kwa gia ya nne.

Mdogo wangu ameomba zamu yake. Nimempa kazi ya siku tatu kwanza, akae juu yake imezimwa, aseme "breki" akanyage, aseme "gia" akanyage. Leo ni siku ya pili, namsikia hapo nje.